Jina la Tovuti: Nani Ameandikwa kwenye Daftari?

Matini ya kipindi. Msomaji mmoja. Vikundi vya wasikilizaji: andaeni kalamu na karatasi. Maswali ya mjadala yako mwishoni.

[MUZIKI WA KUFUNGULIA, KISHA UNASHUKA]

    

Leo tunazungumzia jina. Si jina lako la kwenye karatasi ya mgao. Ni jina la tovuti, lile ambalo mtu analiandika kwenye simu yake ili afike kwenye ukurasa wako wa intaneti. Wataalamu wanaliita jina la kikoa. Ukienda saiba utasikia watu wanasema domeni. Yote ni kitu kimoja.

Kwa nini mada hii? Kwa sababu siku hizi vikundi vingi kambini vina kitu cha kuwaonyesha watu wa nje. Wapo washonaji wa mikoba ya vitenge. Wapo wanamuziki, wapo walimu wanaofundisha kompyuta, wapo vijana wanaopiga picha na kuandika habari za mtaa wao. Wakishaamua kutafuta jina, mara nyingi kazi yote anaachiwa kijana mmoja mwenye simu nzuri. Anasajili kwa barua pepe yake, laini yake na nenosiri lake. Hana nia mbaya. Miaka miwili baadaye amepata safari ya nchi ya tatu, laini ya zamani imekufa, na kikundi hakiwezi tena kugusa jina lake.

Kwa hiyo hata kama betri ya redio yako itaisha katikati ya kipindi, shika hili moja: jina la tovuti ni la yule aliyeandikwa kwenye daftari. Si la aliyelibuni. Si la aliyetoa hela. Ni la aliyeandikwa. Mengine yote nitakayoyasema leo yanasimama juu ya hilo.

[MUZIKI MFUPI]

KWANZA: JINA HILI NI NINI?

Kompyuta na simu haziitani kwa majina kama sisi. Zinaitana kwa namba ndefu. Zamani, intaneti ilipokuwa bado ndogo, orodha ya majina na namba zake iliwekwa katika faili moja, na faili hilo lilitunzwa na taasisi moja ya utafiti kule California, Marekani. Kompyuta zikaongezeka, faili moja likashindwa kazi. Mwaka 1983 mtaalamu anayeitwa Paul Mockapetris akabuni utaratibu tunaoutumia mpaka leo. Wewe unaandika jina, utaratibu ule unatafuta namba yake, na ukurasa unafunguka.

Mgeni anapokutafuta kambini, anaelekezwa kwanza zoni, halafu bloku, halafu mlango wako. Jina la tovuti nalo linasomwa hivyo hivyo, ila linaanzia mwisho. Ile sehemu ya mwisho baada ya nukta, kama .com au .org, ndiyo zoni. Sehemu iliyo kabla ya nukta ndiyo mlango wako.

Kila zoni ina mtunza daftari mmoja. Ndiye anayejua ni majina gani yameshachukuliwa. Lakini wewe kwa kawaida huendi kwake moja kwa moja. Unapita kwa kampuni inayoitwa msajili, ambayo imeruhusiwa kupokea maombi na malipo na kuyapeleka kwenye daftari. Juu yao wote kuna shirika linaloitwa ICANN, lililoanzishwa Marekani mwaka 1998, ambalo linaratibu majina ya dunia nzima ili jina moja lisiandikwe kwa watu wawili.

Jambo moja la kuelewa mapema: jina halinunuliwi moja kwa moja. Unalipia kulitumia kwa muda, kuanzia mwaka 1, na kwa majina kama ya .com mwisho ni miaka 10 kwa mara moja. Muda ukiisha unalipa tena. Usipolipa, linarudi sokoni na mtu mwingine anaweza kulichukua.

PILI: JE, UNALIHITAJI?

Tuseme ukweli, si kila mtu analihitaji. Kama unauza mandazi na wateja wako wote wanatoka bloku yako, wanakujua kwa uso. Hela ya jina la tovuti nunulia unga.

Lakini kama wateja wako wako mbali, au unataka shirika, shule au ndugu walioko nje wakufikie bila kupitia kwa mtu, hapo jina linaanza kuwa na maana. Ukurasa wako wa Facebook ni mzuri na ni wa bure, ila uko kwenye kiwanja cha mwenyewe. Siku akaunti ikifungwa, ukurasa umekwenda pamoja na wateja wote uliowakusanya. Jina ulilosajili mwenyewe unaweza kulielekeza popote: leo kwenye ukurasa wako wa Facebook, mwakani kwenye tovuti kamili. Mteja anaandika jina lile lile na anakukuta.

Na kwetu sisi kuna sababu nyingine. Wengi wetu tumeacha nyumba, shamba na duka nyuma ya mpaka, na hakuna aliyeweza kuvibeba. Jina la tovuti halihitaji kubebwa. Ukihamishwa kambi, ukirudi nyumbani au ukipelekwa nchi ya tatu, linabaki kuwa lako popote, mradi umeandikwa vizuri na unalipa kwa wakati.

[MUZIKI MFUPI]

TATU: KUCHAGUA JINA

Sheria za maandishi ni chache. Kwa majina ya kawaida unatumia herufi kuanzia a hadi z, tarakimu, na kistari. Kistari hakiwezi kuwa mwanzo wala mwisho wa jina. Hakuna nafasi kati ya maneno. Herufi kubwa na ndogo ni sawa. Sehemu yako ya jina isizidi herufi 63, lakini ukifika hata 20 umeshamchosha anayeandika kwenye simu ya batani.

Baada ya sheria, lifanyie jina jaribio la redio. Mpigie simu mtu ambaye hajawahi kuliona. Litamke mara moja tu, kisha mwombe aliandike. Akiliandika sawasawa, jina ni zuri. Akikosea, usimlaumu. Badili jina.

Kwetu jaribio hili lina uzito, kwa sababu tunazungumza Kiswahili tukitoka lugha nyingi. Kuna tusiotofautisha r na l, kwa hiyo neno "furaha" mwingine ataliandika "fulaha". Neno "thamani" kwa wengi linatoka "samani", na mteja anayetafuta mikoba atadhani anauziwa vitanda na makabati. "Dhahabu" inakuwa "zahabu". "Ghala" inakuwa "gala". Tuseme kikundi cha washonaji kinachagua kati ya "Thamani ya Kazi" na "Sindano na Uzi". La pili linaandikwa kama linavyotamkwa, na Mkongo, Mrundi, Msomali na Msudani Kusini wote wanaweza kulipatia. Uzuri wa Kiswahili ndio huo: ukichagua neno lisilo na mtego, tahajia yake haimsumbui mtu.

Epuka tarakimu inayosomeka kwa namna mbili. Ukisema redioni "kazi kwa wote mbili", msikilizaji hajui aandike 2 au neno "mbili". Epuka pia kistari kama unaweza, kwa sababu kila mara utalazimika kukieleza.

Usitumie jina la shirika linalotuhudumia, hata kama ndilo lililowapa mafunzo au cherehani. Majina ya mashirika yana wenyewe. Wanaweza kulidai na ukanyang'anywa. Tena mtu akiona jina la shirika kubwa kwenye ukurasa wako atadhani wewe ni ofisi, ataanza kukuuliza mambo ya kesi yake, na matapeli wanapenda sana mkanganyiko wa namna hiyo.

Fikiria mara mbili kabla ya kuweka jina la kambi. Kambi ya Mtendeli kule Kigoma ilifungwa mwaka 2021 na watu wakahamishiwa Nduta. Kikundi kilichojiita kwa jina la Mtendeli kingekuwa kinaeleza mpaka leo kwa nini jina lake ni la mahali pasipo na mtu. Vivyo hivyo jina la kabila au la kijiji ulichotoka. Linaweza kukupa fahari, lakini linaweza pia kumfungia nje jirani mnayeshona naye, na linaweza kumwambia mtu usiyemtaka kuwa wewe ni nani na unatoka wapi. Hilo la usalama tutalirudia.

NNE: KUCHAGUA MWISHO WA JINA

Watu wanauliza: nichukue .com, .org, au mwisho wa nchi?

Mwisho wa .com ulianza mwaka 1985 na ndio unaojulikana zaidi. Mtu akisahau mwisho wa jina lako, huenda atajaribu huo kwanza. Mwisho wa .org watu wameuzoea kwa mashirika na vikundi vya jamii, ila mtu yeyote anaweza kuusajili. Kwa hiyo ukiona .org usidhani umehakikishiwa kuwa ni shirika la kweli. Hata tapeli anaweza kuwa nayo.

Kila nchi ina mwisho wake wa herufi mbili. Kenya ni .ke, Tanzania .tz, Uganda .ug, Rwanda .rw, Burundi .bi, Kongo .cd, Sudan Kusini .ss, Somalia .so. Ndani yake kuna migawanyo: biashara Kenya hutumia .co.ke na vikundi visivyo vya biashara .or.ke, Tanzania ni.co.tz na .or.tz. Kenya majina hayo yanasimamiwa na KeNIC, Tanzania na TCRA. Faida ya mwisho wa nchi unayoishi ni kwamba wasajili wako karibu na wengi wanapokea malipo ya simu. Kila nchi ina masharti yake, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa: je, mnahitaji kitambulisho au cheti cha kikundi? Kadi ya mkimbizi inakubalika? Kwa .com wasajili wengi hawaombi kitambulisho. Wanataka jina, barua pepe, simu, anwani na malipo.

Hata nchi zenyewe hubadilika. Wakongo wenzangu wa rika la wazazi watakumbuka Zaire. Zaire ilikuwa na mwisho wake, .zr. Nchi ikabadili jina mwaka 1997, ukaja mwisho wa .cd, na mwaka 2001 ule wa zamani ukaondolewa kabisa. Ukiandika jina la .zr leo hufiki popote.

Na majina ya bure je? Kwa miaka mingi kampuni moja ilikuwa inagawa bure majina yenye mwisho wa nchi chache, mojawapo Gabon, yaani .ga. Vijana wengi duniani waliyachukua. Mwaka 2023 Gabon ikarudisha usimamizi wa mwisho wake mikononi mwake, na mamilioni ya majina ya bure yakafutwa. Usipolipia chochote huna risiti, na bila risiti huna pa kulalamikia. Wahenga walisema rahisi ni ghali.

[MUZIKI MFUPI]

TANO: SIKU YA KUSAJILI

Haya, sasa chukua kalamu.

Kabla ya kwenda saiba, kikundi kikae kikao. Mkubaliane majina matatu kwa mpangilio, kwa sababu la kwanza huenda limeshachukuliwa. Mchague watu wawili wa kutunza jina. Nasema wawili, kwa sababu mmoja anaweza kuugua, kusafiri au kugombana na wenzake. Yaandikwe kwenye daftari la kikao: jina ni mali ya kikundi, fulani na fulani wanalitunza. Wote watie sahihi au dole gumba.

Halafu fungueni barua pepe ya kikundi. Si ya kijana wa simu nzuri, ya kikundi. Barua pepe ndiyo ufunguo wa kila kitu. Mwenye barua pepe anaweza kuomba nenosiri jipya na kuingia kwenye akaunti ya jina. Kwa hiyo angalieni pia namba ya simu iliyofungwa kwenye barua pepe hiyo. Kama laini imesajiliwa kwa jina la rafiki aliyeko mjini, siku laini ikipotea ni yeye pekee anayeweza kuirudisha. Tumieni laini ambayo mmoja wa wale wawili ameisajili kwa jina lake mwenyewe, na wekeni barua pepe ya mtunzaji wa pili kama ya akiba.

Pale saiba, kama unamtegemea mhudumu, mwambie waziwazi: "Kaka, naomba unisaidie kusajili jina, lakini akaunti iwe ya barua pepe hii hapa, na kwenye nafasi ya mwenye jina uandike kikundi chetu." Kuna wahudumu wanaosajili majina ya wateja wote chini ya akaunti yao wenyewe. Wengine wanafanya hivyo kwa haraka tu, wengine kwa makusudi, ili kila mwaka urudi kwao kwa bei wanayotaka. Akikataa kukuandika wewe, mshukuru na uondoke.

Kwenye fomu utaona nafasi ya mtu na nafasi ya taasisi. Kwenye taasisi andika jina la kikundi kama lilivyo kwenye cheti chenu, kama mnacho. Kwenye mtu andika mmoja wa watunzaji. Andika kwa ukweli, kwa sababu taarifa za uongo zinaweza kufanya jina lifungwe, na siku ya mgogoro hutaweza kuthibitisha kuwa huyo wa kwenye fomu ni wewe.

Sasa bei. Kwa wasajili wengi .com iko kati ya dola 10 na 20 za Marekani kwa mwaka. Usiangalie bei ya mwaka wa kwanza peke yake. Mara nyingi mwaka wa kwanza ni chambo: dola 1 au 2, na mwaka wa pili bei inaruka. Uliza: "Mwaka wa pili nitalipa ngapi?" Hiyo ndiyo bei yako halisi.

Wakati wa kulipa, fomu itakushawishi uongeze hiki na kile. Soma polepole. Jina ni kitu kimoja, na mahali pa kuweka kurasa zako ni kitu kingine. Unaweza kusajili jina leo na kulielekeza kwenye ukurasa wa bure mpaka kikundi kipate uwezo. Ile kufuli ndogo inayoonekana kando ya anwani kwenye baadhi ya simu na kompyuta, inayoonyesha mawasiliano yamefungwa kwa siri, nayo inapatikana bure kwa njia halali. Kabla ya kubonyeza kulipa, hakikisha kinacholipiwa ni ulichokuja kukinunua.

Ukishalipa, kazi haijaisha. Kwa .com, .org na jamaa zake, msajili atatuma ujumbe kuthibitisha mawasiliano yako. Fungua barua pepe ubonyeze kiungo. Una siku 15. Zikipita bila jibu, jina linaweza kusimamishwa, na utakaa ukidhani umetapeliwa kumbe ujumbe umelala tu kwenye barua pepe. Fanya siku hiyo hiyo kabla hujatoka saiba.

Mwisho, toka kwenye akaunti. Kompyuta ikikuuliza kama ihifadhi nenosiri, kataa. Andika nenosiri kwenye karatasi mbili, kila mtunzaji abaki na moja mahali pakavu. Chapisha risiti, iwekwe na daftari la kikundi.

SITA: USALAMA WAKO

Hapa naomba utulivu kidogo.

Daftari la majina si siri kwa asili yake. Tangu mwanzo lilijengwa ili mtu yeyote aweze kuuliza: jina hili ni la nani? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa na jina la mwenyewe, anwani, simu na barua pepe, wazi kwa dunia nzima. Tangu mwaka 2018, sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa za watu ilipoanza kutumika, wasajili wengi wa .com na .org wanaficha sehemu kubwa ya hayo. Lakini si miisho yote ya nchi inafuata utaratibu huo.

Kwa mtu anayeuza viatu mjini, hilo ni jambo dogo. Kwa mtu aliyekimbia usiku kwa sababu kuna watu walikuwa wanamtafuta, si dogo. Kabla ya kulipa, muulize msajili: "Taarifa zangu zitaonekana na nani?" Kama kuna huduma ya kuzificha, ichukue, kwa wasajili wengi ni bure. Jina la taasisi linaweza kuonekana hata pale ambapo jina la mtu limefichwa, kwa hiyo jina la kikundi lisiwe na kitu cha kumtambulisha mtu. Anwani iwe ya ofisi ya kikundi au sanduku la posta mliloruhusiwa kutumia, isiwe bloku na mlango wako. Simu iwe ya kikundi.

Kumbuka pia kuwa kuficha kwenye daftari hakukulindi kama wewe mwenyewe umeweka picha ya nyumba yako kwenye ukurasa. Na kama una hofu ya kweli juu ya maisha yako, zungumza kwanza na ofisi ya ulinzi hapo kambini. Kwa mtu wa namna hiyo ni bora mtunzaji wa jina awe mwanakikundi mwingine.

[MUZIKI MFUPI]

SABA: JINA LISIPOTEE

Majina mengi hupotea kwa kusahau tu, bila mwizi yeyote. Kwa hiyo andikeni tarehe ya mwisho kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la kikundi, kwa wino mzito. Changeni hela kidogo kidogo kila mwezi, ili tarehe ikifika isigongane na ada ya shule. Kama mkipata fedha ya ziada, lipeni miaka miwili au mitatu pamoja.

Tarehe ikipita, kwa .com mambo yanaenda hivi. Kwanza kuna kipindi kinachoweza kufika siku 45, ambapo wasajili wengi wanakuruhusu kulipa kwa bei ya kawaida, ingawa wengine huanza kuliuza kwa mnada ndani ya kipindi hicho. Baadaye jina likifutwa, kuna siku 30 za kulikomboa, na hapo faini yake inaweza kuwa kubwa kuliko bei yenyewe mara nyingi. Kisha siku 5 za mwisho ambazo huwezi kufanya lolote. Baada ya hapo jina ni la atakayewahi. Miisho ya nchi ina hesabu zake. Usitegemee huruma ya siku hizo. Lipa mwezi mmoja kabla.

Jihadhari na barua za uongo. Ukishasajili unaweza kupata ujumbe unaosema: "Jina lako linaisha leo, lipa hapa haraka." Linganisha jina la kampuni iliyoandika na jina lililoko kwenye risiti yako. Kama ni tofauti, usilipe. Hata kama ni lile lile, usibonyeze kiungo; ingia mwenyewe kwenye akaunti yako uangalie tarehe.

NANE: MTUNZAJI ANAPOONDOKA

Kambini watu wanaondoka. Wengine kwa furaha, wengine ghafla. Wakati mwingine mtu anaambiwa safari ni wiki hii, na wiki hiyo hakuna anayekumbuka mambo ya tovuti. Anaaga, watu wanalia, gari linaondoka.

Kwa hiyo msisubiri safari. Mara tu mtunzaji anapoanza mahojiano ya kwenda nchi ya tatu, chagueni wa kumrithi. Wakae pamoja wabadilishe vitu vinne: jina la mtu kwenye fomu, namba ya simu, barua pepe ya akiba, na nenosiri. Wapige muhuri kwenye daftari la kikundi. Kazi hiyo ni ya mchana mmoja mkiwa mmeketi pamoja. Akishafika bara jingine, huku kuna tofauti ya saa na kule ana kazi za zamu, inaweza kuchukua miezi.

Kama unataka kulihamisha jina kwa msajili mwingine, utahitaji namba ya siri ya uhamisho, ambayo msajili wa sasa lazima akupe ukiiomba kama mwenye jina. Angalia maneno hayo: kama mwenye jina. Kama umeandikwa, utaipata. Kama aliyeandikwa ni mhudumu wa saiba au rafiki aliyepotea, utabaki kubembeleza.

Na wewe kijana mwenye simu nzuri, uliyeaminiwa na wenzako: ukisajili jina la kikundi kwa jina lako, hata kwa nia njema, umewafungia mlango bila kujua. Kama umeshafanya hivyo, bado kuna nafasi. Wiki hii, ingia kwenye akaunti, badilisha jina la mwenyewe liwe la kikundi, badilisha barua pepe, kisha waite wenzako uwaonyeshe. Watakushukuru hata ukiwa mbali.

[MUZIKI UNAPANDA KIDOGO, KISHA UNASHUKA]

MASWALI KWA VIKUNDI VYA WASIKILIZAJI

Moja. Je, kikundi chenu kina jina la tovuti? Kama lipo, nani ameandikwa kwenye daftari, na barua pepe iliyotumika ni ya nani?

Mbili. Kila mmoja apendekeze jina moja la kikundi na alitamke mara moja. Wengine waliandike. Jina gani limeandikwa sawa na wote?

Tatu. Mkichagua watunzaji wawili leo, wawe nani, na kwa nini hao?

Nne. Ni taarifa gani za mwanakikundi ambazo hazipaswi kuonekana na watu wasiojulikana?

Tano. Bei ya kuendelea na jina mwaka wa pili mtaipata vipi? Gawanyeni kwa miezi 12 muone kila mtu atachanga kiasi gani.

Ndugu msikilizaji, kwa leo tunaishia hapo. Ukikutana na mtu ambaye hakusikia kipindi, mpe matini haya asome, au msomee. Na kabla ya kulala, kama kikundi chako tayari kina jina, muulize aliyelisajili swali moja tu: tumeandikwa nani?

  

[MUZIKI WA KUFUNGIA]